Neno la Bembeani

Jumatatu, 3 Juni

Meneja kaja asubuhi, amenikuta na sindano mdomoni. Gauni la mwimbaji limepasuka tena kiunoni. Ananenepa, lakini nani amwambie? Mimi sithubutu.

Anataka historia ya ukumbi. Iandikwe ukutani pale mlangoni, wageni waisome wakisubiri meza. "Fupi tu, mama, na iwe ya furaha. Watu wanakuja kula." Amehamia hapa juzi tu, hajui kitu. Kinachomfurahisha zaidi ni wahudumu wetu: wanaweka sahani bila kuuliza, bila kelele. Wageni wanausifu sana utaratibu huo. Anataka uanze juu kabisa, kwa herufi kubwa. Akaniuliza ulianzaje.

Nikamwambia nina kazi. Na kweli nilikuwa na kazi.

Baba kanywa supu vijiko viwili, kageukia ukuta. Daktari alisema tusimhangaishe tena na hospitali. Alininong'oneza pale pale kitandani, kana kwamba Baba hasikii. Baba anasikia kila kitu!

Jumatano, 5 Juni

Shangazi kahamia kwetu, huku vyumba vya nyuma. Kaja na begi moja na kiti chake mwenyewe, eti viti vyetu vina chuki naye. Yeye ndiye mdogo wake Baba wa pekee, na ndiye aliyekuwa chale wetu, mchekeshaji, enzi za hema la sarakasi. Mpaka leo akiingia chumbani anajikwaa makusudi.

Alimtazama Baba pale kitandani. "Kaka, umekonda hivi? Sasa hata mimi naweza kukudaka." Baba akacheka puani. Mara ya kwanza wiki nzima. Nilitoka nje nikalia kidogo karibu na mapipa, nikarudi.

Meneja alimpata Shangazi jikoni, akapewa historia yote. Hema la turubai. Malori mawili. Farasi chongo aliyezunguka upande mmoja tu, ukimgeuza anakaa chini. Baba mdakaji — amening'inia kwa magoti, kichwa chini, mikono wazi. Mama mrukaji, anaachia bembea yake Baba amdake. Miji hata haihesabiki. Kisha turubai likaoza kwa mvua, Baba akapata ghala hili kwa sababu ya paa lake la juu, la kutundika bembea. Wenye mji wakasema sarakasi ni ya watoto. Shangazi ndiye aliyetoa wazo: wapeni chakula, mtu mwenye sahani mbele yake haondoki. Zikaja meza, likaja jukwaa, akaja mwimbaji, wakaja wanenguaji na manyoya yao. Sarakasi ikawa kabarei.

Meneja alicheka mpaka machozi. Kuhusu Mama, Shangazi hakusema zaidi ya hapo. Akaomba chai.

Ijumaa, 7 Juni

Leo kwenye mazoezi mwalimu wa wanenguaji aliita majina. Yule binti mgeni akajibu kwa nguvu: "Nipo!"

Wanenguaji wote wakasimama. Mpishi aliacha kukata vitunguu. Mwenzake akamvuta mkono: sema "naam", hapa tunasema "naam".

Alikuja kwangu kupimwa nguo, macho yamemjaa. "Mama, nimetukana?"

Nikamwambia hapana, mwanangu, umesema Kiswahili tu. Kisha nikajikuta namweleza. Sijui kwa nini yeye. Labda kwa sababu alisimama wima, mikono ameinua nimpime, hawezi kukimbia.

Kule juu bembeani taa zinapiga macho, huoni vizuri. Kwa hiyo Mama aliuliza: "Upo?" Na Baba alijibu "Nipo!" pale tu mikono yake yote miwili ilipokuwa mitupu na tayari. Mkono una kitu, hata chaki ya kukausha viganja — husemi. Mama akisikia neno, anaachia. Hakuachia kamwe bila neno. Hata nyumbani, akimpa Baba sufuria la moto: "Upo?" "Nipo." Hata akinikabidhi mimi, mtoto mchanga, ndivyo walivyofanya, anasema Shangazi.

Hemani watu walinyamaza, na chini palikuwa na wavu mpana. Humu ndani meza zilikaa mahali pa wavu. Wavu ukapunguzwa, ukawa upana wa kitanda.

Siku ile ukumbi ulijaa. Mama akauliza, "Upo?" Na chini, wakati uleule, mhudumu na sahani yake: "Mwenye samaki yupo?"

Mwanamume mmoja, sauti nzito, njaa inamuuma: "Nipo!"

Mama akaachia. Baba alikuwa bado anajipaka chaki.

Nilikuwa nyuma ya pazia, nimeshika joho lake, nina miaka minane. Watu walipiga makofi kwanza. Walidhani ni mchezo.

Tangu hapo wahudumu hawaulizi. Ndio huo utaratibu unaosifiwa. Tangu hapo Baba hakupanda tena bembea, na neno lile halijatoka kinywani mwake. Wala kinywani mwangu. Simu ikilia, mtu akiniuliza kama nipo, nasema "sema, nakusikiliza".

Binti alilia kunizidi. Nikampima upya, alikuwa amejikunja.

Jumapili, 9 Juni

Meneja kaleta maandishi yake tuyaone. Mazuri, sisemi. Farasi yumo. Lakini kuhusu Mama: "Nyota wetu wa kwanza aliaga jukwaa mapema."

Shangazi akavua miwani. "Aliaga? Alimuaga nani? Mimi nilikuwepo, hakuniaga."

Nikamwomba aandike tu kwamba alianguka. Akatazama viatu vyake. "Mama, nakuelewa, lakini watu watakuwa wanasubiri chakula…" Si mtu mbaya. Ana haya. Lakini maandishi yake kayaacha mezani, na sasa yana alama ya kikombe cha Shangazi. Sidhani kama ni bahati mbaya.

Baba hali tena hata supu.

Jumanne, 11 Juni

Baba ameshika chuma cha kitanda, kile cha juu ya kichwa. Mikono yote miwili. Tangu alfajiri! Muuguzi anayekuja kumhudumia hapa nyumbani amejaribu kumbandua vidole, kimoja kimoja. Akikibandua hiki, kile kinarudi. Viganja vimechubuka, tumevifunga kitambaa laini nilichokata kwenye bitana ya joho la Mama.

Muuguzi anasema pumzi imebaki kidogo sana, haelewi mzee anapata wapi nguvu. Anang'ang'ania kitu, anasema.

Shangazi hakufanya mzaha wowote leo. Hilo ndilo lililonitisha.

Jumatano, 12 Juni

Amesema! Sauti kama karatasi. Nilidhani anataka maji, nikainamisha sikio.

"Upo?"

Nikamjibu haraka: niko hapa, Baba. Vidole palepale. Akauliza tena. Nikasema ndiyo mimi, Baba, binti yako. Nikasema naam. Nikasema sijaondoka. Nimesema yote isipokuwa lile. Na kila nikimaliza anauliza upya, kwa upole, kama mtu asiyetaka kukuharakisha.

Shangazi kanivuta korido. Maisha yake yote kaka yangu ndiye wa kujibu, anasema. Hajawahi kuwa wa kuuliza. Leo yuko upande wa mkeo — akakosea, akasema mkeo, akajipiga kibao mdomoni — upande wa mama yako. Mjibu.

Nikamwambia ajibu yeye.

"Mimi chale, mwanangu. Nani aliwahi kuachia bembea kwa neno la chale?"

Nikamwambia kwa hasira kwamba nikimjibu ataachia. Akasema ndiyo. Tulisimama pale, korido inanuka vitunguu.

Sitaki. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu: sitaki. Nina miaka hamsini na mbili na nataka baba yangu. Hata hivi, hata mifupa tu, hata amegeukia ukuta. Mama alisikia neno hilo, nikabaki na joho mkononi.

Alhamisi, 13 Juni

Mchana. Ukumbini wanapanga meza, nasikia vijiko. Yule binti mgeni kaleta maji, kaweka chini, hakuuliza kitu. Ameshakuwa wetu.

Muuguzi kafungua dirisha. Kitambaa viganjani kimelowa damu, nimekibadilisha mara mbili. Anaumia. Uso wake hausemi lakini miguu inasema, inatetemeka chini ya shuka, magoti yamejikunja kana kwamba yanatafuta bomba la kuning'inia.

"Upo?"

Nimempangusa midomo. Nimempanga mto. Nimekunja nguo ambazo zilikuwa zimekunjwa.

Shangazi amenyanyua kiti chake, ametoka nacho. Mlangoni amegeuka, hakujikwaa. Kasema tu: mikono yote miwili, mwanangu, unajua.

Najua.

Daftari liko magotini. Kalamu iko mkononi, na maadamu iko mkononi siruhusiwi kujibu — hiyo ni sheria yake mwenyewe, hawezi kunilaumu. Kwa hiyo naandika. Naandika kwamba kuna jua. Naandika kwamba vijiko vimenyamaza kule, labda wamemaliza, labda wote wamesimama wanasikiliza. Naandika kwamba ana kovu dogo kidevuni ambalo sikuwahi kuuliza

Ameuliza tena. Safari hii amefungua macho, anatazama mikono yangu. Naiweka kalamu chini.