Kambare Wanane wa Chumba cha Kungojea

Kaka yangu Ziraili,

Shikamoo. Goti lako limepoa? Wifi na watoto hawajambo? Mimi huku mzima, nadunda. Usininunie kwa jina hilo la mtoa roho. Nyumbani wote tunakuita hivyo tangu samaki wako watano walipokufa kwa siku moja, na leo nina sababu ya kuanza nalo.

Kaka, nimeshinda! Nimemshinda daktari wangu mbele ya watu.

Unajua mimi ni mpokezi kwenye kliniki ya meno. Chumba chetu cha kungojea kina tangi la samaki wadogo kumi na wawili, wapole, wenye mstari wa buluu ubavuni. Maji yalikuwa safi, shida ilikuwa kioo. Utando wa kijani ukiukwangua Jumatatu, Alhamisi umerudi kama umeitwa. Siku moja daktari akasimama mlangoni pake akasema anaona supu, haoni samaki, na kwamba tangi litaondoka iwekwe televisheni. Damu ilinichemka. Nikamwomba wiki nne. Nyuma ya tangi kuna bango la kuwahimiza watu wapige mswaki asubuhi na usiku, basi akasema Ijumaa ya wiki ya nne atakaa kwenye kiti cha wagonjwa alisome bango hilo kupitia vioo vya tangi. Herufi moja ikimpotea, televisheni inaingia. Kwa nini niling'ang'ania hivyo, nitakwambia.

Nikaenda kutafuta samaki wa kukaa chini na kula ule utando. Muuza samaki ana mdomo, we acha tu. Akanionyesha mmoja mweusi aliyejibandika kwenye kioo, akaapa kwamba huyo anafagia kila kitu. Nikamuuliza akikua anafika wapi, akajifanya kiziwi. Nilipouliza mara ya tatu, akaonyesha kutoka ncha ya vidole hadi kwenye kiwiko. Tangi letu lenyewe mikono miwili tu! Akaleta wa pili, wa rangi ya dhahabu, mzuri kupindukia. Kumbe huyo akizeeka anaacha kula utando, anaanza kuwakimbiza wenzake na kuwanyonya ubavu. Nikamwambia akampe adui yake.

Ndipo nikawaona, kwenye tangi la pembeni: kambare wa kijivu, wadogo, hawazidi kidole gumba, wamebandika midomo kwenye kioo wanakula bila kumtazama mtu. Muuzaji akasema hao hawana sura, wateja hawawataki, tena lazima wawe kundi, mmoja peke yake hudhoofika. Nikachukua wanane. Niliwachagua wenye matumbo ya mviringo, wenye matumbo yaliyobonyea nikawaacha.

Msaidizi wa daktari alicheka hadi akashika ukuta, akauliza kama hao ndio wa kumaliza msitu ule. Mimi nikaacha kabisa kukwangua, maana utando ndio chakula chao, na watu wakaona nimekata tamaa. Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili, vikaonekana vinjia vyembamba kwenye kijani. Ya tatu, ukikodoa macho unasoma kuhusu mswaki, lakini ile asubuhi na usiku bado.

Jumatano ya mwisho, Mama Ndoo, msafishaji wetu, akanihurumia. Nainua macho kutoka kwenye daftari la miadi, namwona kakunja mikono ya nguo, sponji imejaa povu, inakaribia maji. Kaka, niliruka meza! Sketi ikapasuka mshono mbele ya wagonjwa saba. Nikamdaka mkono nikipiga kelele kwamba sabuni inaua samaki, hata kidogo tu. Mzee mmoja aliyekuwa anaugulia jino alisahau jino. Mama Ndoo alinuna, halafu akauliza mimi nimejuaje mambo ya sabuni na samaki. Nikarudi mezani nimeshikilia sketi.

Ijumaa ikafika. Daktari akaketi, akavaa miwani, akasoma kwa sauti, neno kwa neno, hadi jina la mchapishaji kule chini, herufi kama mchwa. Wagonjwa wakapiga makofi, na mimi nikapiga kigelegele kazini kwangu, liwalo na liwe. Kisha akainama akawatazama kambare wakikwangua. Akasema hao ni madaktari wenzake, wanaondoa ukoga kutwa nzima na hawamchomi mtu sindano. Televisheni haiji. Tena anataka tangi la pili, chumba cha watoto, na akauliza nani anaweza kulitengeneza. Nikakutaja wewe hajamaliza kusema.

Sasa kaa chini, kaka. Samaki wako hawakufa kwa kuvimbiwa. Siku ile ulipokwenda shule niliona kioo kimeota kijani, nikataka ukirudi ufurahi. Nikachukua sponji ya vyombo na sabuni, nikasugua kikang'aa. Uliporudi walikuwa wanaelea. Mama akasema umewalisha kupita kiasi, nawe ukainamisha kichwa ukakubali, ukampa jirani tangi atilie viatu. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, mikono inanuka sabuni, nikanyamaza. Nimenyamaza miaka ishirini na miwili, na walipokuita Ziraili nilicheka nao. Leo wewe ni fundi vioo, unakata vya madirisha kila siku, na hujawahi kuunganisha vipande vitano viwe tangi. Naona haya kaka. Nisamehe. Hukumuua hata mmoja.

Daktari anakungoja mwezi ujao. Njoo na vioo vyako na gundi yako, kambare wanane watakusubiri, nami nitakusubiri mlangoni. Ukitaka kunigombeza, nigombeze tukiwa tunafanya kazi. Msalimie wifi, wabusu watoto, na uwaambie kuanzia leo wasikuite tena jina lile. Lina mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,

Ziraili