Bol Joint ya Kushoto

Jumatatu, 4 Agosti
Chai, mandazi mawili, chini ya gari tena. Leo ni pikapu ya Mama Mwende wa mtaa wa Satellite. Ya zamani, ndefu, inavuta magurudumu yote manne. Kila mwezi yeye hushuka nayo Mwingi kuchukua asali ya kuuza Westlands, na njia ya huko ni mchanga wa mto na mawe. Nimeinua jeki, nikatingisha magurudumu ya mbele. Yanacheza kama jino la mtoto. Bol joint za chini, vile viungo vinavyoshika gurudumu, zimeisha, kulia na kushoto. Moja ikichomoka, gurudumu linalala barabarani.

Ameniletea mpya ndani ya boksi. Zile kuukuu amezipaka cutex nyekundu ya kucha, nimrudishie hizo hizo, ajue kweli nimezitoa. Eti mafundi tuna mikono mirefu. Imeniuma. Miaka sita namtengenezea.

Jumanne, 5 Agosti
Nimefungua boksi. Takataka. Nyepesi, na mpya hivyo tayari zinacheza. Za zamani ndizo chuma cha kweli, kilichoisha ni kikombe cha ndani tu. Nimempigia simu, nikamwomba nizifufue: nikate kifuniko, nichonge kikombe kipya cha shaba, nijaze grisi, kifuniko nikichomelee tena. Akakataa.

"Fundi, hapana. Jumamosi namrudisha mamangu nyumbani Mwingi, ametoka kupasuliwa jicho. Weka mpya."

Nikasema sawa. Nilikuwa nimekasirika. Aii, mtu ananifunza kazi yangu!

Jumatano, 6 Agosti
Nimezifufua. Kwa ukaidi tu. Cutex nimeifuta na thina, asizitambue. Zimetoka tamu, sitadanganya. Akirudi kutoka Mwingi salama nitamwonyesha boksi lake likiwa halijaguswa, acheke mwenyewe. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo.

Kuchomelea nilienda kwa Odhiambo jirani, yeye ndiye ana mashine. Ya kulia ikaisha. Stima ikapotea. Tukakaa, tukabishana mambo ya mpira. Stima ikarudi.

Alhamisi, 7 Agosti
Mama Mwende amekuja kabla ya wakati. Nimezifunga zile nilizofufua mbio mbio. Ameuliza zile kuukuu zake. Nikasema zimechanganyika na vyuma vingine, atazipata wiki ijayo. Sijawahi kumdanganya. Akaniamini, akawasha gari. Hapo ndipo pananikera.

Ijumaa, 8 Agosti
Nilikuwa kwa breki za mtu mwingine. Ghafla: ya kushoto niliichomelea? Nakumbuka ya kulia. Nakumbuka stima kupotea, stima kurudi. Baada ya hapo, hakuna kitu.

Nimeuliza Odhiambo. Hajui, alikuwa kwa simu. Kifuniko kisichochomelewa kinashikwa tu na kingo nilizogonga kwa nyundo. Kwa lami kitavumilia. Kwa mchanga wa Mwingi, sijui.

Sijala mchana. Nimetembea hadi stage ya Dagoretti Corner na kurudi, mara tatu, sina ninachonunua. Simu mkononi. Nikimwambia, atajua nilimdanganya, na Satellite nzima itajua. Mimi ni mwoga. Nimeandika ili nione linavyokaa.

Jumamosi, 9 Agosti
Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nimepiga. Hakushika. Mara nne. Nikabeba vyombo na boksi lake, nikapanda boda. Nimewakuta wakitaka kutoka, mamake ameshakaa mbele na miwani myeusi, anasali. Nikasimama mbele ya pikapu kama mwendawazimu. Nikasema yote. Mamake akisikia.

Mama Mwende hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Inua," akasema.

Nikainua. Kushoto: alama za nyundo, hakuna welding. Nikaingiza mtaimbo, nikasukuma kidogo tu. Kifuniko kikatoka, kikaanguka kwenye changarawe pamoja na grisi yote. Mamake akauliza kwa Kikamba ni nini kimeanguka.

Nimeweka zile mpya, zile nyepesi. Kwenda na kurudi zitafika. Ameangalia nikikaza kila nati. Saa tano wakaondoka. Hakuniaga.

Jumatano, 13 Agosti
Pikapu imepita hapa na mitungi ya asali nyuma. Wamefika, amerudi. Asante Mungu. Haikusimama. Nilikuwa nimeshainua mkono, nikajifanya najikuna kichwa.

Alhamisi, 18 Septemba
Mawingu tangu asubuhi. Kazi kidogo.

Pikapu imesimama mbele ya banda. Zile mpya zimeanza kucheza. Nilitaka sana kusema kitu. Nimechukua jeki. Mama Mwende ameulizia zile za zamani, nikazitoa kwenye rafu, nimezifunga kwa gazeti tangu siku ile.

Ameketi juu ya tairi, mkoba magotini, akatazama nikisafisha, nikijaza grisi. Akanifuata hadi kwa Odhiambo, nikachomelea ya kushoto. Akahesabu mahali pa welding kwa kidole: kulia nne, kushoto nne. Akarudia kushoto.

Kisha akatoa cutex kwenye mkoba. Nikamshikia bol joint apake. Akanipa chupa. Paka wewe, akasema.

Nimepaka zote mbili. Tukangoja ikauke, ndipo nikafunga.