Chai Aliyoikataa Guka

Subukia,
Jumapili jioni.

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini joto la Lodwar halikusumbui sana na wanafunzi wako wanakusikiliza. Sisi tuko salama. Mvua imeanza, na ng'ombe wa Mama amezaa ndama jike.

Naandika kwa sababu simu ya nyumba hii husikilizwa na kila mtu. Tangu Aprili Guka alikuwa akikataa chai ya Mama. Mama aliumia, akidhani amemkosea, lakini angemuulizaje baba mkwe wake? Mimi nina jina la marehemu Cucu, mkewe, na kwa desturi yetu Guka huniita mke wake, kwa hiyo nilijikaza nikamuuliza. Alisema mke hafichwi jambo: mkojo ulikuwa ukimtoka kwa matone, na kila kikombe kilimnyima usingizi. Hospitali hakutaka kuisikia. Alisema hatahasiwa kama fahali.

Nilimbembeleza hadi akakubali twende Nakuru asikilize tu. Alimwambia muuguzi kwamba mimi ni mke wake, na muuguzi akaitazama sare yangu ya shule kwa muda. Nilitamani ardhi ipasuke.

Baada ya vipimo, Daktari Jemutai alisema si saratani, ni tezi dume iliyokua kwa umri ikabana njia ya mkojo. Alieleza kwamba kifaa chembamba hupitishwa njia hiyo hiyo, kikapuliza mvuke wa moto kwenye tezi, nayo ikanywea polepole. Hakuna kupasuliwa. Hapo Guka aliniomba nitoke kidogo. Sijui aliuliza nini, ila niliporudi alikuwa amekubali.

Alirudi nyumbani siku ile ile na mpira wa mkojo, akauficha chini ya koti la kanisani hadi ulipotolewa. Wiki za kwanza alinung'unika kwamba tumedanganywa. Jana alimaliza vikombe viwili, akaomba cha tatu. Mama aliingia jikoni kukileta, akakawia huko.

Sasa lile lililonifanya niandike. Guka ndiye aliyenituma, kwa kuwa anasema baba hawezi kumtamkia mwanawe maneno haya. Krismasi ulipokuwa nyumbani, kila alipoamka usiku kwenda choo, alisikia mlango wako ukifunguka pia. Anakuomba ukapimwe, Baba. Mimi nilikuwa nimeona tu kwamba humalizi chai yako.

Mama anakusalimu sana. Tafadhali nijibu kwa barua.

Binti yako akupendaye,
Waithera