Isale na Krediti Kumi na Mbili

Hosteli ya wasichana, chuoni
2 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Habari za Kariakoo, na presha yako inaendeleaje? Mama niliongea naye Jumapili, anasema unakula chumvi kwa siri. Mimi ni mzima wa mwili.

Nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Matokeo yametoka, na somo la Mbinu za Utafiti wameniwekea sifuri kwenye kazi za muhula. Dokta Polycarp, anayelifundisha, anasema sikufanya majaribio wala sikukusanya insha. Baba, karatasi zangu ninazo, amezisahihisha mwenyewe kwa wino wake mwekundu. Amepoteza alama zangu na hataki kusema.

Uliwahi kuniuliza krediti ni kitu gani. Krediti moja ni saa kumi za kusoma: za darasani, za semina, na zile za peke yako na kitabu. Somo hili lina krediti kumi na mbili. Digrii yangu inataka mia tatu na sitini, na hizo kumi na mbili zisipoingia sihitimu Novemba. Nitarudia somo mwakani, kwake yeye yule yule. Nina hasira sana.

Nimekata rufaa, kamati inakaa tarehe ishirini. Ushahidi ninao. Naomba usifanye chochote.

Mwanao,
Severa


Kariakoo
9 Agosti 2024

Mwanangu Severa,

Marahaba. Sisi wazima, ila presha umeipandisha wewe. Hiyo chumvi ni uzushi wa mama yako.

Barua yako niliisomea dukani nikashindwa kuhudumia wateja. Mtu amekaa kwenye kiti saa mia na ishirini anasoma, halafu mwingine anasema hakuna kilichofanyika? Mimi nikimwambia Pius, kijana wetu wa dukani, hakubeba mabeseni, na mabeseni yapo stoo yamepangwa, atanirushia moja la kichwa. Huyo daktari wa nini? Nilifoka mpaka Hajira wa duka la pili akaja kuuliza kuna nini.

Lakini nimeulizia. Polycarp ni mtu wa nyumbani, wa Kibosho, na baba yake alisali parokia moja na babu yako. Rufaa ni mambo ya makaratasi. Mtu mwenye kalamu hushindani naye, unamlainisha. Tuachie wazee.

Baba yako,
Tarsis


Hosteli
23 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu nimelelewa. Afya yako sitaiulizia leo.

Jumanne niliingia kwenye kamati na karatasi zangu kwenye bahasha. Hawakuifungua, waliitia tu kwenye faili lao. Mwenyekiti alisoma barua ya Dokta Polycarp: kwamba wewe na baba mdogo Robert mlifika nyumbani kwake na jani la isale kuomba radhi kwa niaba yangu, kwamba yeye kama mtu wa mila amelipokea na amenisamehe, na kwamba familia ikishakiri, haoni tena sababu ya rufaa. Wajumbe wawili hawakujua isale ni nini. Mwenyekiti akawaeleza kwamba kwa Wachagga wa Kilimanjaro ndilo jani analopeleka mkosaji, na aliyepelekewa hawezi kukataa kusamehe. Kisha akaniangalia akasema, "Binti, baba yako ameshakusemea."

Nilisema sijakosa. Wakatabasamu. Rufaa imetupwa.

Uliomba radhi ya nini, Baba? Mimi ndiye niliyeibiwa, wewe ukaenda kumwomba mwizi samahani. Nilikuomba kitu kimoja tu, usifanye chochote. Usinipigie.

Severa


Kariakoo
1 Septemba 2024

Severa,

Marahaba, ingawa shikamoo yako ilikuwa na miba. Na umesaini jina tupu, utadhani mteja anayedai risiti.

Nani kakufundisha kumhoji baba yako hivyo, hicho chuo? Nilikata isale uani kwa shangazi yako Caroline, Magomeni. Nikasafiri nalo mkononi lisivunjike, nikapiga magoti mbele ya mtu ninayemzidi umri. Yote kwa ajili yako. Kwetu isale linamaliza ugomvi wowote. Kama yeye amelitumia kukumaliza wewe, laana ni yake. Mimi sina kosa. Ukitulia utaona.

Baba yako


Kariakoo
6 Oktoba 2024

Mwanangu,

Hujambo? Mwezi umepita hujajibu, na simu umenifungia. Mama yako amenuna, na kwenye chakula changu chumvi hatii kabisa.

Wiki iliyopita mteja wetu wa Lindi, Nassibu, alirudi dukani akisema mabeseni tuliyomuuzia yana nyufa. Hayakuwa na nyufa, mzigo niliufunga mimi mwenyewe. Kabla sijafungua mdomo Robert akaanza, tusamehe sana kaka, bahati mbaya. Nassibu akawageukia wateja wengine akawaambia mmesikia wenyewe. Nikamfokea Robert mbele za watu, namuuliza ameomba radhi ya nini. Yalikuwa maneno yako yale yale, Severa. Nikakaa chini juu ya mzigo. Robert alidhani presha imenishika.

Nilipanda basi siku ile ile. Polycarp alikuwa ameliegemeza isale kwenye televisheni, limekuwa pambo. Nikamwambia nimekuja kulichukua. Akasema tangu azaliwe hajasikia mtu akirudi kudai isale. Nikamjibu, "Nilikuomba radhi kwa kosa ambalo mwanangu hakulifanya. Kwa hiyo hukupokea isale, ulipokea jani." Alifoka, nami nikafoka kumzidi, mpaka mkewe akatoka jikoni. Nikalichukua.

Kesho yake nilikaa mlangoni kwa mwenyekiti mpaka akapokea barua yangu: kwamba mimi Tarsis sikukiri lolote kwa niaba yako, maana hukunituma, na kwamba ile bahasha ifunguliwe. Nilipita nje ya hosteli yako. Sikuthubutu kukuita.

Isale lenyewe limo kwenye boksi analokuletea Pius. Limekauka na ncha imekatika, nisamehe na hilo. Safari hii najua ninaomba radhi ya nini. Ulikuwa na haki, na mimi nikapiga magoti, kwa sababu nilimwogopa mwenye kalamu kuliko nilivyokuamini wewe.

Baba yako


Hosteli
30 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo. Presha je? Mwambie Mama akutilie chumvi kidogo.

Bahasha ilifunguliwa wiki iliyopita. Leo krediti zangu kumi na mbili zimeonekana kwenye mtandao wa chuo. Hakuna aliyeniita. Wameandika mstari mmoja tu, kwamba taarifa zimerekebishwa. Dokta Polycarp nilikutana naye kwenye ngazi, akanipita bila kunitazama. Nahitimu Novemba na bado nina hasira, na sitaki mtu aniambie nitulie.

Hata kwako haijaisha. Isale nimelipokea kwa sababu unajua siwezi kulikataa, na hilo nalo limeniudhi. Ila nimewaangalia wote, mwalimu, mwenyekiti, wajumbe wake na chuo kizima. Aliyeniomba radhi ni wewe peke yako.

Njoo kwenye mahafali. Usilete kitu mkononi.

Mwanao,
Severa