Vumbi la Tabaka

Mjukuu wangu Kemunto,

Hapa Kiogoro mvua haikatiki, na ng'ombe amezaa. Unauliza mbona pikipiki yako bado inavuja oili na umekaza kila nati. Nami nilikaza hivyo ujanani, hadi nyanya yako, wakati huo msichana wa kusugua vinyago vya mawe kule Tabaka, alipoipangusa injini yangu na kuipaka vumbi jeupe la mawe yao.

"Sasa iwashe, utulie," akasema.

Mstari mweusi wa oili ukajichora juu ya vumbi, kwenye gasketi inayoziba maungio ya silinda, mbali na pale oili ilipodondokea. Nikabadilisha gasketi, injini ikakauka.

Tangu tumzike nyanya yako, kila asubuhi mimi huwasha pikipiki bila safari, nisikie tu kitu kikinguruma hapa nyumbani. Vumbi lake limebaki kidogo koponi. Silitumi. Njoo ulichukue.

Babu yako