Nani Alisema Hawaumi?

Jumatatu, 7 Oktoba 2024
Leo nimecheka mpaka mbavu zikaniuma, mara ya kwanza tangu tumzike mume wangu Yonasi. Dume jeusi la ng'ombe la jirani yangu Mhoja lilikuja kujikuna kwenye mti wangu wa mninga, ule wa mpakani. Likasugua hadi likavunja kimrija cha nta, mlango wa nyuki wadogo wanaoishi ndani ya shina. Wakatoka! Vidudu kama punje za ulezi — masikioni, puani, machoni. Dume limekimbia hadi barabara kuu, Mhoja nyuma na fimbo. Akarudi anahema: mama, si ndio hawa nyuki wasiouma? Nikamwambia hawana mwiba, lakini meno wanayo.

Jumatano, 9 Oktoba
Shemeji Lwitiko, mdogo wake Yonasi, amekuja kutoka Tunduma. Ati mpaka kati ya shamba langu na lake urudi nyuma, nusu ya shamba langu iwe yake, pamoja na kisima. Ijumaa anaukata mninga. Ukishaanguka, nani atajua mpaka ulipita wapi? "Shemeji, wewe mpole, hatutasumbuana." Mpole! Miaka kumi na tisa namkaribisha chai, kumbe ananipima. Alipoondoka nililia kwa hasira.

Alhamisi, 10 Oktoba
Nimekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Jumamosi saa nne atakuja na wazee kuukagua mpaka — mradi mti uwepo. Wakati wa kurudi nimepita kwa nyuki. Kimrija wameshakijenga upya! Walinzi wanne mlangoni. Nikasogeza kidole. Hakurudi nyuma hata mmoja. Nimeyaonea aibu machozi ya jana.

Ijumaa, 11 Oktoba
Lwitiko kaja na shoka, kichwa wazi, nywele zimechanwa vizuri. Nikamwonya kuna nyuki. Akachungulia, akacheka: hawa si wasiouma? Usinitishie inzi, shemeji.
Pigo la tatu tu! Nyuki wamemjaa nywele zote, wanang'ata, wanampaka ulimbo wao unaonata. Mmoja kaingia sikioni. Lwitiko anajipiga makofi mwenyewe, shoka kalitupa, mbio kwenye pikipiki. Nilijikaza nisicheke. Nikashindwa.
Jioni kapiga simu. Kesho asubuhi anakuja na fundi wa msumeno wa mashine. Na moshi.
Moshi nauogopa. Nyuki watalewa. Mimi je?

Jumamosi, 12 Oktoba
Saa moja asubuhi. Nimeweka kigoda chini ya mninga. Kilemba nimekishusha hadi masikioni. Shoka lake nimelikalia.
Saa mbili na nusu. Wamefika. Wamewasha majani mabichi, moshi unaniingia machoni. Mhoja kaja na ng'ombe wake wote, kasimama njiani, anasema anataka kuona mwenyewe.
Lwitiko anaita: shemeji, toka hapo, utaumia! Nimemjibu mwenyekiti anakuja saa nne, asubiri. Anauliza tangu lini nimekuwa mkali hivi.
Bado saa nzima na nusu. Nyuki wanakohoa kama mimi, lakini wanne wako mlangoni. Mimi wa tano.
Msumeno umewaka. Fundi ananitazama, anamtazama Lwitiko. Sijasogea, wala sisogei.