Benchi Usilikate

Nyakwara, mjukuu wangu Achieng,

Salamu kutoka Suna. Goti la nyanya yako limepona na amerudi kunigombeza, kwa hiyo nyumba ni nzima.

Umeuliza kama unaweza kuikata ile picha ya mama aliyekaa mwisho wa benchi, kwa sababu nafasi tupu inaiharibu. Hata mimi nilidhani hivyo.

Nilikuwa kijana mwenye studio ndogo. Ukutani palikuwa na pazia lililochorwa ndege ya abiria. Nusu ya Suna walisafiri nayo pichani. Yule mama, fundi wa cherehani, alikuwa amekimbia vita vya Rwanda. Akaniomba nitoe pazia, kisha nimpe waya wa kubonyezea kamera ajipige picha mwenyewe.

"Mama, sogea katikati."

"Hapa ndipo pangu. Mzee wangu alikaa mwisho ule, watoto hapa kati. Picha yetu iliungua na nyumba."

"Lakini sasa uko peke yako."

"Hiyo ndiyo nataka ionekane."

Akaweka mkono hewani, pale bega la mtoto lingekuwa, akabonyeza.

Nakala moja akaniambia niiweke dirishani, kati ya picha za harusi. Wapita njia wakanicheka: "Fundi, siku hizi unapiga picha benchi?" Nikawa nawaambia nani amekaa wapi, nao wakasogea karibu na kioo kuitazama upya.

Kwa hiyo iache ilivyo, Achieng. Ukiikata, utakuwa umewatoa wote.

Kwaru, babu yako